Nguo Iliyokataa Maziwa

Ukimpelekea fundi wetu kitambaa, kabla hajakipima alikichoma. Alivuta uzi mmoja pembeni, akauwasha kwa kiberiti, akaunusa moshi wake huku amefumba macho, kisha akasubiri upoe ili aupapase kwa kidole gumba. Uzi wa pamba uliacha majivu mepesi yaliyopeperuka ukiyapuliza. Uzi wa vitambaa vipya, tetroni na nailoni na ndugu zao, haukuacha majivu. Uliacha kidonge cheusi, kigumu, kidogo kuliko punje ya wimbi. Vidonge hivyo hakuvitupa. Alikuwa na kopo la ugoro, ingawa ugoro wenyewe hakuutumia, na humo alihifadhi kidonge cha kila kitambaa kipya kilichopita mikononi mwake. Ukikaa naye vizuri alilitoa kopo akalitikisa karibu na sikio lako.

"Sikia," alisema. "Hii haifi. Moto umeshindwa."

Wageni walidhani ana kasoro kichwani. Sisi tulishamzoea, na kila aliyepeleka kitambaa alijua kubeba kiberiti chake mwenyewe, maana fundi alikuwa bahili wa njiti kupita kiasi.

Nilimfahamu tangu tulipohamishwa kutoka kwenye miji yetu iliyotawanyika tukakusanywa katika kijiji cha ujamaa pale Mbalibali, nikiwa msichana wa kufunga nywele kwa uzi, mpaka nilipoolewa nikavuka mto Mara kwenda Itiryo. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake wanazo wenyewe. Mimi ninazo za mikono yake. Jina lake nalo nitaliacha, kwa kuwa hakuna aliyelitumia. Mwenyekiti wa kijiji alimwita fundi, wazee walimwita fundi, na mwanawe alipoulizwa shuleni baba yako ni nani, alijibu, fundi.

Siku ya kuhama tulibebwa na tela la trekta, na kila kaya iliambiwa ichague vitu vya kubeba. Watu walipakia magunia ya mtama, kuku, mitungi, hata milango. Fundi alipakia cherehani yake akaizungushia godoro, akalifunga kwa kamba, na kitanda akakiacha. Tulipofika, vibanda vilikuwa bado vinavuja. Kwa muda wa mwezi mzima fundi alilala juu ya majani na cherehani ikalala juu ya godoro. Alisema mtu akinyeshewa hupona, chuma hakiponi.

Bibi yangu, mama mzaa baba, ambaye hakuwa na subira na wanaume wa namna hiyo, alimwambia mbele ya watu kwamba basi angeioa hiyo cherehani.

"Nilishaoa, mama," fundi akajibu. "Mara moja inatosha."

Mkewe alikuwa amefariki mwaka ule ule, kabla ya kuhama. Kesho yake bibi akampelekea kibuyu cha maziwa. Kuanzia hapo hawakuacha kugombana mpaka bibi alipokufa, na maziwa nayo hayakuacha kwenda.

Bibi alikuwa na sababu zake za kugombana naye. Katika usichana wake alivaa ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa mafuta, akaingia kwenye marekani na kaniki akiwa mwanamke mwenye watoto, na aliona kwamba amesafiri vya kutosha kwa maisha ya mtu mmoja. Fundi yeye aliona safari ndiyo kwanza inaanza. Alikaa na cherehani yake barazani pa duka la kijiji, mguu haukomi kwenye pedali, na karibu kila neno lake lilianza na "siku inakuja". Siku inakuja mtu atanunua suruali moja, aivae mpaka azeeke, amwachie mwanawe. Siku inakuja shati litajinyoosha lenyewe na pasi tutazipandia maua. Siku inakuja nguo itajua kama kuna baridi au joto, imtunze mwenye nguo bila kuulizwa. Siku inakuja sare ya mtoto itarefuka kadiri mtoto anavyorefuka.

Hii ya sare hakusubiri siku ije. Vitambaa vilikuwa adimu miaka ile. Sisi tuliochuma pamba kwenye shamba la kijiji mpaka vidole vikachubuka ndio tuliokaa miezi bila kuona hata doti moja ya khanga dukani. Basi fundi alishona sare zenye mapindo matatu, moja juu ya jingine. Kila shule zilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka mama alifumua pindo moja, sketi ikashuka. Pale pindo lilipokuwa rangi ilibaki mpya, hivyo watoto wa kijiji chetu walitembea na mistari ya kijani iliyokolea kwenye sketi na kaptura zao, na mwalimu aliweza kuhesabu mistari akajua mtoto ana miaka mingapi shuleni. Vijiji vingine walitucheka. Baadaye waliiga.

Hakuwa na futi ya kupimia. Ile aliyokuwa nayo ilifutika namba, naye akaona ni bora hivyo. Alipima kwa kamba ya katani, akipiga fundo penye bega, fundo penye kiuno, fundo penye goti, na kila mtu alikuwa na kamba yake imening'inia kwenye msumari ukutani. Ukipita dukani ungeona kijiji kizima kimetundikwa pale. Mtu akifa, fundi aliitoa kamba ya marehemu akaipeleka kwa wafiwa, na wengine waliiweka kaburini.

Kwenye shamba la kijiji alikuwa mchumaji hodari kuliko wote. Hapo ndipo nilipoanza kumwona kuwa mtu wa mambo mawili mawili. Mikono yake iliijua pamba, lakini mdomo uliisema vibaya. "Chumeni, mura, chumeni," aliwaambia vijana. "Hii ndiyo ya mwishomwisho. Wenzenu huko wanatengeneza nguo kutoka kwenye mafuta ya taa." Vijana walicheka wakamwomba na yeye avae mafuta ya taa basi. Wawili kati yao walipata mashati ya tetroni kutoka Sirari, kule mpakani, wakaja nayo shambani kwa maringo, na ilipofika saa sita walikuwa wameyavua wameyatundika mtini, wanatiririka jasho. Fundi hakukubali. Alisema jasho ni la mtu, tusilisingizie shati.

Halafu kuna kisa cha suti ya mwenyekiti, ambacho nikikikumbuka hata leo peke yangu jikoni nacheka. Mwenyekiti wetu alijipatia kitambaa cha tetroni cha kijivu, akashonewa kaunda suti ya kumpokea mgeni kutoka wilayani. Fundi alimkabidhi na maagizo. "Usiipige pasi. Fua, anika, vaa. Hii imezaliwa imenyooka." Sasa, mwenyekiti ndiye aliyekuwa na pasi ya mkaa peke yake kijiji kizima, na pasi ile ilikuwa heshima yake. Ampokee mgeni wa wilaya kwa suruali isiyopigwa pasi? Asubuhi ya siku yenyewe aliijaza mkaa, akaipuliza mpaka ikawaka, akailaza juu ya suruali. Alipoinyanyua, makalio ya suruali yalinyanyuka nayo. Mgeni alipokelewa na mtu aliyevaa koti la suti na kaptura ya khaki.

Jioni fundi aliitwa mbele ya mkutano ajieleze, kwa kuwa mwenyekiti alidai ameuziwa maneno. Fundi hakujitetea. Aliiomba ile pasi, akaigeuza, akatoa kisu chake kidogo, akaparua ile tetroni iliyoganda kwenye chuma mpaka akapata kidonge kizuri cha kijivu. Akafungua kopo lake la ugoro.

"Asante sana, mwenyekiti," alisema. "Rangi hii sikuwa nayo."

Mkutano uliishia hapo, maana hata mwenyekiti alishindwa kujizuia kucheka.

Na yeye mwenyewe fundi, mhubiri wa nguo zisizokufa, alivaa nini? Alivaa shati la marekani. Kila siku aliyokaa kwenye cherehani alivaa lile lile, la mikono mirefu, lililokuwa jeupe zamani likageuka rangi ya uji. Nyuma kwenye mkia lilikuwa na viraka viwili, na kwenye kiwiko kimoja. Ukiwa na macho uliona kwamba viraka vile vilishonwa na mtu asiyejua. Uzi ulikuwa mweusi juu ya nguo nyeupe, mshono mmoja mrefu, mwingine mfupi, mwingine umepotea njia ukarudi. Tulimtania. Fundi, unatuvisha vizuri halafu wewe unatembea na aibu hiyo mgongoni, huna sindano?

"Aliyeshona hakuwa fundi," alijibu, mguu ukiendelea na pedali.

Mama ndiye aliyenieleza. Mwaka aliougua, mke wa fundi hakuweza tena kwenda shambani wala kisimani, akamwomba mumewe kazi ya mikono ili asikae bure. Fundi akampa shati lake. Alijifunzia kushona kwenye lile shati, na hakuishi hadi ajue. Kwa hiyo fundi alilifua mwenyewe mtoni, akalianika kivulini, na asingekubali sindano ya mtu mwingine ipite pale, hata yake. Baada ya kuambiwa hayo sikumtania tena, ingawa nilitamani, kwa sababu viraka vile vilikuwa vibaya kweli.

Nafika kwenye harusi yangu.

Marwa alikuwa kijana wa Itiryo aliyekuja kwetu kumtembelea mjomba wake akarudi kwao na habari zangu. Watu wake walileta ng'ombe kama ilivyo desturi, na mbali na ng'ombe shangazi yake alileta kitambaa alichokinunua mwenyewe Sirari, nailoni ya bluu nyepesi inayong'aa. Miaka ile wasichana waliolewa na nguo za kuazima. Nilikikumbatia kitambaa kile nikalala nacho. Fundi alipovuta uzi wake na kuuchoma, alitabasamu kabla moshi haujamfikia.

"Bhoke," aliniambia, "nguo hii utawaachia wajukuu."

Kisha, ili mama aone, alikikunjua kitambaa juu ya meza akakimwagia maji ya kikombe. Maji yalikusanyika yakawa matone, yakakimbia hadi ukingoni, yakaanguka chini, na kitambaa kikabaki kikavu. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi. Mvua ikikukuta njiani, fundi alisema, utafika Itiryo mkavu. Watu watatu wenye akili zao tuliyaona maji yale yakikimbia, na hakuna aliyefikiria maziwa.

Nieleze. Kwa ukoo wetu binti hatoki nyumbani hivi hivi. Asubuhi ya kuondoka bibi yake mzaa baba, au mwanamke aliye mkubwa kuliko wote pale nyumbani kama bibi hayupo, humsimamisha kizingitini akiwa amevaa nguo anayoondoka nayo. Huchukua maziwa kinywani, humpulizia mabegani, na huku yanaingia yeye husema maneno yake. Nguo ikiyanywa maziwa, maneno yamekaa. Nguo ile haifuliwi tena, inahifadhiwa. Na binti aliyeondoka bila maziwa hana mlango kwa wazazi wake, si kwa furaha si kwa msiba. Haya hayakuwa maneno ya kutishia watoto. Dada yangu mkubwa alitoroka na mwanamume wa Nata, na tangu siku hiyo bibi hakulitaja jina lake, wala mlango wetu hakuuona. Mimi nilikuwa nampenda bibi kuliko mtu yeyote. Nilikuwa tayari kwenda mbali, ila kwa sharti kwamba nitaweza kurudi.

Basi asubuhi hiyo nilisimama kizingitini na gauni langu la bluu, watu wa Marwa wamejaa uani. Bibi alijaza kinywa akanipulizia. Maziwa yaligonga nailoni, yakajikusanya matone matone, yakashuka kifuani na mgongoni hadi kwenye pindo, yakaanguka mavumbini. Watu wote waliangalia chini. Bibi alipuliza mara ya pili, kwa nguvu zaidi, na yakashuka vile vile. Mbwa wetu akaja kulamba.

Bibi aliweka kibuyu chini. "Nguo imekataa," alisema.

"Nguo gani imekataa?" shangazi yake Marwa akauliza kutoka uani. "Nguo ile ni yetu."

Mama aliniambia upesi nivue, nivae kitenge chake, tumalize. Shangazi alisikia. "Akiivua nguo yetu mbele yetu, na mume amemvua. Tutarudi na ng'ombe wetu."

"Na mimi simwagi maziwa ya ng'ombe chini mara ya tatu," bibi akasema, akaketi pale pale mlangoni akaukunja mguu. Alikuwa na uso niliouona mara moja tu kabla ya hapo, siku habari za dada zilipoletwa.

Baba alitazama ng'ombe. Marwa alinitazama mimi. Nililia kwa sauti, na machozi yangu nayo yakateleza juu ya nailoni yakaenda zake.

Sijui nani alikimbia kumwita fundi. Alikuja na mkasi mkononi, sindano imechomekwa kwenye kola ya lile shati. Nilidhani atakitetea kitambaa chake, maana alikuwa akikitetea hata kwa wasiouliza. Aliangalia mabega yangu, akaangalia udongo uliolowa, akaangalia mbwa. Akachuchumaa mbele ya bibi.

"Kosa ni langu, mama. Nilikipima kwa maji, sikukipima kwa maziwa."

Bibi aliangalia kibuyu chake.

"Naomba pembe ya shuka lako."

"Ya nini?"

"Hii nguo bado mtoto, haijui kunywa. Nataka tuifundishe."

Bibi alikuwa amejifunga shuka la marekani ambalo limekaa naye tangu sijazaliwa. Mkasi aliopewa aliukataa. Aliishika pembe ya shuka kwa meno, akaichana mwenyewe, akamrushia. Fundi alimgeukia shangazi akamwonyesha mikono miwili. "Nguo yenu iko pale pale, dada. Sitatoa hata uzi. Naongeza tu." Shangazi alifikiri, akatikisa kichwa kukubali.

Alinishonea nikiwa nimesimama, kipande kimoja bega la kulia, kimoja la kushoto, kwa uzi mweusi kwa sababu ndio uliokuwa kwenye sindano. Yeye aliyefumua kola nzima kwa ajili ya mshono mmoja kupinda, siku hiyo alishona mshono mrefu, mshono mfupi, haraka haraka. Alinichoma mara mbili. "Tulia," alininong'oneza. "Utarudi kwenu. Tulia."

Bibi akasimama. Alijaza kinywa mara ya tatu, akanipulizia, na marekani ya shuka lake ikayanywa maziwa yote pale pale, ikakolea rangi. Akasema maneno yake, ambayo si ya kuandikwa.

Mama aliniambia baadaye kwamba siku iliyofuata fundi alikuwa barazani kama kawaida, mguu kwenye pedali, akimweleza mteja kwamba siku inakuja ambapo nailoni itakunywa maziwa.

Nilirudi kwetu mara nyingi. Nilirudi kujifungua mtoto wa kwanza, nilirudi kwa harusi za wadogo zangu, nilirudi kumzika bibi, akiwa amefungwa lile shuka lenye pembe iliyochanika. Kila nilipoingia mlango ule nilimkumbuka fundi. Yale aliyotabiri nayo yalikuja, moja baada ya jingine. Mashati ya kujinyoosha yalijaa sokoni. Mjukuu wangu siku hizi anakimbia na fulana ambayo jasho linapita nje likakauka kabla hajafika nyumbani. Ningetamani fundi aichome uzi mmoja.

Lakini nataka nimalizie na siku ile nilipompelekea gauni.

Binti yangu Robi alikuwa anaolewa. Mama mkwe wangu alishafariki, kwa hiyo mwanamke mkubwa pale nyumbani nilikuwa mimi, na kibuyu kilikuwa changu. Robi alifungua sanduku akatoa gauni langu, akalipenda, akasema atavaa hilo na si jingine. Nailoni ilikuwa imekaa vile vile, inang'aa, haina hata mkunjo. Mabegani hapakuwa na kitu. Mende waliifuata harufu ya maziwa wakala marekani yote ya bibi, wakabakiza vijiuzi vyeusi vya fundi vimezunguka mahali patupu. Nilikaa na gauni mapajani nikaona kama wameniibia bibi mara ya pili.

Ningeweza kushona vipande vingine mwenyewe. Sikutaka. Nilinunua kitambaa cheupe Tarime mjini, muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba ni pamba tupu, nikasafiri hadi Mbalibali.

Fundi alikuwa amekaa juani nje ya nyumba ya mwanawe, sweta zito mwilini, macho yameingia ukungu. Cherehani ilikuwa imefunikwa ndani, juu ya godoro.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sogea karibu."

Nilipiga magoti. Aliweka viganja vyake juu ya mabega yangu, akapima. "Bhoke," alisema. "Umepungua upana wa kidole kimoja."

Nilimweleza habari za Robi na za mende. Alicheka sana habari za mende. Kisha akanyoosha mkono, nami nikajua anataka kiberiti, nikampa, nilikuwa nimebeba. Alivuta uzi wa kile kitambaa changu, nikamwashia, akanusa, akasubiri, akapapasa kwa kidole gumba. Alipapasa mara ya pili.

"Imechanganywa," alisema. "Pamba imo, na ile nyingine imo."

"Muuzaji ameapa, fundi."

"Muuzaji ameapa, uzi haukuapa." Aliniwekea mkononi kile kidonge kidogo. "Haitakunywa vizuri. Itakunywa nusu."

Nilimwambia basi ameshinda, siku yake imekuja, hata pamba siku hizi si pamba. Nilitegemea afurahi. "Ndiyo," alisema bila kucheka, "nilisema." Aliniuliza shuka la bibi liko wapi, nikamwambia amezikwa nalo. Akaitika. Akaanza kuvua sweta.

Ndani alikuwa amevaa lile shati. Lilikuwa jembamba mpaka unaona ngozi, kola imeisha, lakini viraka vya nyuma vilikuwepo na uzi wao mweusi unaotangatanga. Alimwita mkwewe alete mkasi. Nikaelewa, nikamshika mkono.

"Fundi, hapana. Lolote, ila hilo hapana."

"Mabega mawili tu. Inatosha."

"Basi kata mbele. Kata mkono. Viraka viache."

"Kwingine kote kumekwisha, mwanangu," alisema. "Penye nguvu ni hapo aliposhona yeye."

Alilivua, akaupapasa mkia wa shati hadi akavipata viraka, akakata. Alinipa sindano nimtungie uzi. Nilikosa tundu mara tatu kwa sababu ya machozi, naye akaniuliza kama macho yangu nayo yameanza. Alishona kwa kupapasa, bega la kulia, kisha la kushoto, mshono mrefu, mshono mfupi, mwingine ukapotea njia ukarudi. Mishono yake ilikuwa imefanana kabisa na ya mkewe, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Alipomaliza aliomba maziwa. Mkwewe alileta kikombe. Alichukua kinywa kimoja, akalipulizia gauni mabegani, akaweka kiganja juu yake, akasubiri kama alivyozoea kuusubiri uzi upoe. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Hakuwa wa ukoo wetu na maneno yetu hakuyajua, kwa hiyo alikuwa na yake.

"Imekunywa," alisema.

Alinisindikiza hadi njiani, mkono wake begani kwangu na sweta amelikunja kwapani. Shati lake, alilolivaa tena, lilikuwa limekatika nyuma, mgongo uko wazi, mifupa inahesabika. Nilimwambia avae sweta, watu wanapita.

"Acha, Bhoke," alisema. "Kuna kaupepo kazuri."